Albamu 500 kwa Wasikilizaji Wawili wa Mtwara: Anzeni na Upande Mmoja

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Chuno, Mtwara Mjini. Mimi ni mwalimu wa sekondari na yeye ni fundi bandarini. Mapema mwaka huu tuliamua kuisikiliza pamoja orodha ya albamu 500 bora ya jarida la Rolling Stone, toleo la mwaka 2020, kuanzia namba 500 kupanda juu, albamu moja kila usiku baada ya chakula. Tumevuka arobaini na raha imeanza kupungua. Mume wangu anataka tushike utaratibu mpaka mwisho. Mimi naona tunazimaliza bila kuzisikia, na asubuhi sikumbuki hata wimbo mmoja. Nyingine zina lugha chafu, nasi tuna watoto. Tena najiuliza, muziki wetu uko wapi humo? Tuendelee vipi?

JIBU: Mwalimu, kazi mliyojitwika ni nzuri, na watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuifanya kwa miaka bila kuichoka iwapo wataipatia kipimo kinachofaa. Sioni kwamba urefu wa orodha ndio unaowachosha, wala siamini kwamba wewe na mwenzako mnatofautiana sana. Yeye anataka kazi iliyoanzwa imalizike, wewe unataka kinachosikilizwa kisikike, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Kilichokosewa ni kipimo cha usiku mmoja. Mmechukua albamu nzima kuwa ndiyo sehemu ya kazi, ilhali nyingi kati ya albamu zilizomo katika orodha hiyo zilipangwa na waliozitengeneza kwa kipimo kidogo zaidi, yaani upande mmoja wa santuri, ile sahani ya muziki yenye pande mbili. Ushauri wangu mkuu ni huo: acheni kuhesabu albamu, sikilizeni upande kwa upande.

Santuri ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika ilikuwa na nafasi ya dakika tatu au nne tu kila upande. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928, walirekodi kwa kipimo hicho, na wimbo uliokuwa ukiimbwa kwa muda mrefu barazani Unguja ulilazimika kukatwa ili uenee. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi moja, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika ishirini kila upande. Hapo ndipo wanamuziki walipoanza kujiuliza swali ambalo halikuwapo awali: wimbo upi ufungue upande, upi uufunge, na msikilizaji aachwe katika hali gani wakati anainuka kwenda kugeuza santuri? Kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka diski za CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, swali hilo lilitawala utengenezaji wa albamu. Anayesikiliza albamu za kipindi hicho mfululizo kwenye simu, bila kupumzika katikati, anapitia mlango ambao mwenye nyumba aliuweka kwa makusudi na yeye hauoni.

Chukueni Exodus ya Bob Marley, ambayo imo katika orodha yenu na ambayo nina hakika mnazijua baadhi ya nyimbo zake kwa moyo. Ilitengenezwa kwa sehemu kubwa London na kutolewa mwaka 1977, baada ya Marley kuondoka Jamaika kufuatia shambulio la risasi nyumbani kwake Kingston mwezi Desemba 1976. Upande wa kwanza una nyimbo tano, zote za imani, fitina na hukumu, na unafungwa na ule wimbo mrefu wa kuhama ulioipa jina albamu nzima, wenye dakika zaidi ya saba za mwendo usiolegea. Upande wa pili unafunguka kwa furaha, unaendelea na mapenzi, na kuishia kwenye wito wa watu kuungana. Katika daladala na katika baa, kuanzia Mtwara hadi Kariakoo, tumezoea kuzisikia nyimbo za upande wa pili peke yake, zikiwa zimetengwa na zile tano zilizotangulia. Sikilizeni upande wa kwanza usiku mmoja, mlale nao, kisha usiku wa pili msikilize upande wa pili. Mtaona kwamba ile furaha ina uzito mwingine kabisa, kwa sababu anayeimba kwamba kila kitu kitakuwa sawa ni mtu aliyenusurika kuuawa.

Mfano mwingine ni Abbey Road ya Beatles, ya mwaka 1969. Wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza ni mzito, unarudiarudia na kuongezeka kishindo, halafu unakoma ghafla katikati, kwa kuwa John Lennon aliagiza fundi mitambo aukate mkanda pale pale. Msikilizaji wa wakati huo alibaki na kimya cha chumba chake mwenyewe, akanyanyuka, akageuza santuri, na ndipo lilipoanza gitaa jepesi la George Harrison. Kimya hicho kilikuwa sehemu ya muziki, na katika simu hakipo kabisa. Ni ninyi mtakaokirudisha.

Naye Fela Kuti wa Nigeria ana albamu ya mwaka 1975 katika orodha hiyo yenye nyimbo mbili tu, kila mmoja ukiwa na upande wake. Mtu anayetaka kumaliza haraka ataona ni albamu ya nyimbo mbili na kuipita. Lakini ukiutenga wimbo wa upande wa pili, ule unaosema kwamba maji hayana adui, na kuusikiliza peke yake kama kazi nzima ya usiku, utasikia jinsi saksafoni na kinanda zinavyopewa nafasi ya kutosha kabla sauti ya mwimbaji haijaingia. Sisi tuliokulia muziki wa dansi tunaujua ustahimilivu wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye utekelezaji. Simu haionyeshi pande, hivyo kwa kila albamu iliyotoka kabla ya katikati ya miaka ya 1980 tafuteni mpangilio wa santuri ya asili na mwandike katika daftari ni wimbo upi unaofunga upande wa kwanza. Zimeni kabisa kitufe cha kuchanganya nyimbo pamoja na kile kinachoendeleza muziki mwingine mara albamu inapokwisha. Jihadharini hasa na matoleo yenye nyongeza, kwa maana kampuni nyingi zimezitoa upya albamu hizi zikiwa na majaribio ya studio na nyimbo za jukwaani zilizobandikwa mwishoni, na hivyo mwisho uliotafutwa kwa jasho unafunikwa na mabaki. What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, iliyo namba moja katika orodha yenu, ina nyimbo tisa na haifiki dakika 40. Upande wake wa kwanza nyimbo zinaunganika bila kukatika, na wimbo wa mwisho wa upande wa pili unarudi kwenye maneno ya ule wa kwanza kabisa. Ukiongezewa nyimbo nyingine kumi baada ya hapo, mzunguko huo hauonekani tena.

Pakueni albamu ya wiki mapema, mkiwa na bando la bei nafuu, ili usikilizaji usikatwe na mtandao. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde muziki hula takriban megabaiti moja kwa dakika, na kwa kilobiti 320 hula zaidi ya megabaiti mbili, kwa hiyo albamu ya dakika 45 haifiki megabaiti 120 hata kwa ubora wa juu. Tumieni spika moja mnayoisikia wote wawili, na msigawane waya wa masikioni, kwa sababu katika rekodi nyingi za miaka ya 1960 vyombo viligawanywa kushoto na kulia kwa ukali, na kila mmoja wenu atapata nusu ya bendi. Hata sauti ya feni inaficha mambo mengi katika muziki laini. Kwa albamu kama Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959, afadhali mkae nje upepo wa bahari unapovuma na feni mkaiacha ndani.

Ratiba ninayoipendekeza ni albamu mbili kwa wiki, yaani nusu yake usiku mmoja na nusu ya pili usiku mwingine, na usiku tatu zilizobaki za wiki ziachwe kwa kurudia au kwa kutosikiliza chochote. Kwa mwendo huo orodha itachukua karibu miaka mitano. Mwambieni kila mmoja wenu ukweli huo tangu sasa. Kwa mwendo mliokuwa nao mngemaliza kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi, na kama unavyoeleza, mngekuwa mmezipitia zote na kubaki na chache.

Baada ya kila upande, kabla ya kuzungumza, kila mmoja aandike sentensi moja au mbili katika daftari bila kumwonyesha mwenzake. Nalisisitiza hili kuliko ushauri mwingine wowote kwa watu wanaosikiliza wawili wawili. Anayesema kwanza humvuta mwenzake, hasa katika ndoa, ambako mmoja huwa amezoea kusifu na mwingine kukubali. Sentensi zikisomwa baadaye pamoja, mtagundua kwamba mmoja alikuwa akisikiliza maneno na mwingine akisikiliza gitaa la besi. Mnaweza pia kugawana kazi kwa makusudi: katika upande huu wewe fuata besi tangu mwanzo hadi mwisho, yeye afuate ngoma, na kesho mbadilishane. Katika albamu ya Marvin Gaye niliyoitaja, besi ya James Jamerson inatosha kuwa somo la usiku mzima.

Jambo hili linagusa malalamiko yako kwamba asubuhi hukumbuki kitu. Masikio yetu yamelelewa na taarabu na dansi, ambako tunauliza kwanza wimbo unasema nini, fumbo linamlenga nani, na funzo ni lipi. Ni malezi bora, lakini albamu nyingi za orodha hiyo zina maneno yasiyoeleweka vizuri hata kwa wenye lugha, na kilichokusudiwa kimewekwa katika sauti. Someni maneno baada ya kusikiliza, si wakati wa kusikiliza. Na zipo albamu ambazo habari iliyo nyuma yake inabadilisha usikilizaji. Rumours ya Fleetwood Mac ya mwaka 1977 ilirekodiwa wakati ndoa moja ndani ya bendi ilikuwa imevunjika na uchumba mwingine umekufa, na wote waliendelea kuingia studio moja, wakipigiana vyombo katika nyimbo walizotungiana. Wimbo unaofungua upande wake wa pili ndio pekee ambao watano wote wameandikwa kuwa watunzi. Watu wawili waliooana wanaposikiliza kazi hiyo pamoja, huwa na mengi ya kuzungumza, na nawashauri muiweke usiku ambao hamna haraka.

Kuhusu kufuata namba, sioni faida yake. Kwa toleo la 2020 waliombwa wasanii, watayarishaji na waandishi zaidi ya 300, kila mmoja akatuma orodha yake ya hadi albamu 50, na kura zikajumlishwa. Albamu iliyokuwa ya kwanza mwaka 2003, Sgt. Pepper's ya Beatles, mwaka 2020 imekutwa nafasi ya 24, na ile ya Marvin Gaye iliyokuwa ya sita imepanda kuwa ya kwanza, ilhali muziki wenyewe haukubadilika hata noti moja. Kadiri unavyoshuka kwenye orodha ndivyo tofauti ya kura inavyopungua, na kati ya namba 412 na 413 hakuna hoja yoyote ya kimuziki. Mlipoanzia mwisho mlirushwa kila usiku kutoka nchi moja hadi nyingine na kutoka zama hadi zama, bila uzi.

Wekeni uzi. Anzeni na Marvin Gaye wa mwaka 1971, mwende kwa Stevie Wonder, ambaye naye alikuwa katika kampuni ya rekodi ya Motown na ambaye mwaka huo huo, akiwa ametimiza miaka 21, alidai mkataba mpya uliompa mamlaka juu ya kazi zake. Sikilizeni Innervisions ya mwaka 1973, kisha Songs in the Key of Life ya mwaka 1976. Hiyo ya pili ni santuri mbili na nyingine ndogo ya nyongeza, hivyo ipeni wiki nzima. Kutoka hapo nendeni kwa Lauryn Hill wa mwaka 1998, ambaye sehemu ya albamu yake ilirekodiwa katika studio ya Marley kule Kingston, na ambayo kwa kuwa ilitengenezwa zama za CD ina dakika zaidi ya 75 bila mahali pa kupumzika palipopangwa. Itawalazimu kuchagua wenyewe pa kukata, na mabishano ya wapi pakatwe ni usikilizaji wa hali ya juu. Uzi mwingine unaweza kuanzia kwa James Brown katika ukumbi wa Apollo, New York, rekodi ya mwaka 1962 iliyotoka mwaka uliofuata, na kufika kwa Fela, aliyekaa Marekani mwaka 1969 na kurudi Lagos na sikio jipya. Mwenye zamu ya wiki ndiye achague uzi, na mwenzake asitoe hukumu mpaka upande wa pili uishe.

Lugha chafu haina ufumbuzi mrefu: mwenye zamu aisikilize kwanza peke yake, na kama haifai sebuleni ipelekwe saa ambayo watoto wamelala au iachwe. Kila mmoja apewe haki ya kufuta albamu kadhaa kwa mwaka bila kujieleza.

Umeuliza muziki wetu uko wapi. Waliopiga kura wengi ni wa Marekani na Uingereza, na hilo linaeleza sehemu kubwa. Fela, mwenzake wa Nigeria King Sunny Adé, na mkusanyo wa nyimbo za Soweto, Afrika Kusini, wa mwaka 1985 wote wamewekwa chini ya nafasi ya 400, wakati Graceland ya Paul Simon, Mmarekani aliyekwenda Johannesburg kurekodi na wapigaji wa huko huko, imo ndani ya hamsini za mwanzo. Nampenda Paul Simon, lakini mpangilio huo haukubaliki kwangu.

Hata hivyo, ipo sababu nyingine inayohusu umbo, nayo haizungumzwi vya kutosha. Muziki wetu wa dansi kwa kawaida haukutolewa kwa albamu. Bendi za NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la mji wa mkoa jirani wa Lindi ingawa maskani yake yalikuwa Dar es Salaam, zilirekodi wimbo mmoja mmoja katika studio za redio ya taifa au kwa santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikitengenezwa Nairobi. Wimbo ulikuwa na sehemu ya maneno iliyotulia, kisha magitaa yakachemka kwa muda mrefu, na kwa kuwa haukuenea upande mmoja ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Mzee wetu aliyekuwa na gramafoni Mikindani au Masasi aliinuka kugeuza santuri katikati ya wimbo mmoja, mara nyingi pale pale magitaa yanapoanza kushika moto. Orodha inayohesabu albamu haiwezi kuuona muziki wa aina hiyo hata kama wapiga kura wangekuwa wa haki. Waliofikiwa na umbo la albamu ni wachache, kama Remmy Ongala na Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, au kizazi cha kanda za bongo fleva, ambapo Professor Jay na Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 walikuwa na upande A na upande B wa kupanga. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, siingizi katika hesabu hii, kwa kuwa haikufanywa isikilizwe na watu waliokaa.

Kwa hiyo jitengenezeeni. Kila baada ya albamu kumi za orodha, ongezeni moja mliyoipanga wenyewe, nyimbo za bendi moja au za mwimbaji mmoja, wewe upange upande wa kwanza na mume wako upande wa pili, kila upande usizidi dakika 22, na msionyeshane mpaka usiku wa kusikiliza. Nyimbo za dansi ni ndefu, na tatu au nne zitatosha kuujaza. Muhidin Gurumo anafaa sana kwa kazi hiyo: upande wa kwanza akiwa NUTA, ambayo baadaye iliitwa Juwata, upande wa pili akiwa bendi ya Mlimani Park kuanzia mwaka 1978, na masikio yenu yataeleza ni nini kilibadilika wakati sauti ni ile ile. Mbaraka Mwinshehe naye anafaa, Morogoro Jazz upande mmoja na Super Volcano upande mwingine. Mtalazimika kujibu swali lile lile la wimbo upi ufungue na upi ufunge, na baada ya kulijibu mara kadhaa mtazisikia albamu za wengine kama watu wanaoijua kazi hiyo.

Zile arobaini mlizokwisha kupitia zisirudiwe zote. Kila mmoja achague tatu kwa kumbukumbu, bila kutazama orodha, mzisikilize upya upande kwa upande, na nyingine mziandike kuwa zimesikilizwa ili hesabu ya mume wako isivurugike. Mkusanyo wa Soweto ulikuwa miongoni mwa hizo, na naomba uwe wa kwanza kurudiwa hata kama hakuna aliyeukumbuka. Mahlathini yumo na sauti yake nzito, na Ladysmith Black Mambazo ndio wanaoufunga. Wiki inayofuata wekeni Graceland, msikilize kundi hilo hilo likiimba na Paul Simon, na muandike katika daftari ni wapi mmewasikia vizuri zaidi.